Uteuzi wa Mgombea Urais katika Mazungumzo ya Wananchi wa Karagwe na Kyerwa

Mwezi Novemba mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Grant walifika Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika wa Karagwe, nao wakapokewa kwa ukarimu ambao Speke hakuacha kuusifu katika kitabu chake cha safari. Miongoni mwa mambo aliyosimuliwa na mwenyeji wake ni namna Rumanyika alivyoupata utawala. Baba yake, Ndagara, alipofariki, walibaki wana watatu waliotazamiwa kurithi: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Wakuu wa nchi wakaweka mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa hata asiweze kuiinua mtu yeyote ila yule aliyekubaliwa na mizimu. Ndugu zake walihangaika nayo wasiweze hata kuitikisa. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole chake kidogo.

Kisa hiki ni kizuri, na walimu wengi wanapenda kukisimulia darasani. Lakini Speke huyohuyo ametuachia na upande wake wa pili. Rogero hakuridhika na uamuzi wa ngoma. Alishika silaha, na Rumanyika hakutulia katika kiti chake mpaka aliposaidiwa na mfanyabiashara Musa Mzuri wa Tabora, na pembe za ndovu zikapelekwa kwa Kabaka Suna wa Buganda ili atume jeshi. Ngoma ilisema, ni kweli; lakini pembeni mwa ngoma palikuwa na mikuki, mali na mashauri ya wakubwa. Speke aliyaandika maneno ya Mukama na ya jamaa zake. Maneno ya wakulima wa migomba waliokuwa wakisubiri kuambiwa nani mtawala wao hakuyaandika.

Tumeanza na habari hii si kwa nia ya kulinganisha chama cha siasa cha leo na ukoo wa Wahinda waliotawala Karagwe. Tofauti ni kubwa mno. Tumeanza nayo kwa sababu inatupa swali ambalo wananchi wa sehemu hizo wamekuwa wakiliuliza kwa maneno mengine katika miaka yetu: mtu asiyeingia katika chumba cha uteuzi, ambaye hata hivyo ndiye atakayeishi chini ya mteuliwa, ana sehemu gani katika uteuzi huo? Jibu letu ni kwamba sehemu yake kubwa ni mazungumzo, na kwamba mazungumzo hayo ni jambo la utamaduni wa taifa linalostahili kuandikiwa historia kama ngoma, ngonjera na methali zinavyoandikiwa.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa ziko kaskazini magharibi kabisa mwa nchi, katika Mkoa wa Kagera, ambao hadi mwaka 1979 ulijulikana kama Mkoa wa Ziwa Magharibi. Hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, Karagwe, yenye makao makuu mjini Kayanga. Mwaka huo Kyerwa ikatengwa na kuwa wilaya ya peke yake. Upande wa magharibi ni Rwanda na upande wa kaskazini ni Uganda, na Mto Kagera ndio mpaka. Wenyeji ni Wanyambo, wakiishi pamoja na Wahaya na watu wengi ambao asili ya wazee wao ni Ankole, Kigezi na Rwanda. Ndizi ndizo chakula, kahawa ndiyo fedha, na huko Kyerwa kuna bati lililochimbwa tangu enzi za ukoloni. Kutoka Kayanga hadi Dodoma ni safari ndefu inayovuka mikoa kadhaa. Umbali huo si wa barabara tu.

Mgeni afikapo katika nyumba ya Mnyambo au ya Mhaya wa mila, aghalabu huwekewa kwanza buni chache za kahawa zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa. Mgeni hutafuna polepole. Kahawa hii haimezwi kwa haraka, wala mazungumzo yanayoifuata hayaendi mbio. Mzee huulizwa habari za nyumbani, kisha za mvua, kisha za bei, na habari za serikali hufika zenyewe bila kuitwa. Penye rubisi, ile pombe ya ndizi, ulimi hulegea zaidi. Tena yapo magulio, yapo matanga ambapo watu hukesha siku kadhaa, na upo uwanja wa chama cha msingi cha ushirika ambapo wakulima hungoja zamu ya kupima kahawa. Mtu anayetaka kujua wananchi wa huku wanamfikiriaje kiongozi asiende kwenye mkutano wa hadhara, kwani huko watu hupiga makofi. Aende kwenye mizani.

Vijana huenda wakadhani kwamba mazungumzo ya kumlinganisha mgombea na mgombea yalianza na vyama vingi. Sivyo. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa kwanza wa Rais wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere wa TANU alishindana na Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC, na Mwalimu akapata zaidi ya kura milioni moja dhidi ya elfu ishirini na kitu za mpinzani wake. Mwaka 1963 mamlaka ya kisheria ya machifu yalifutwa, na hapo ngoma ya Karagwe ikawa kumbukumbu. Kisha mwaka 1965 ikaja Katiba ya muda ya chama kimoja. Kwa ubunge, wananchi walipewa wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, na walilinganisha kwelikweli: katika uchaguzi huo wa 1965 hata mawaziri wawili waliangushwa. Kwa urais, hapakuwa na jembe wala nyumba. Chama kilimteua mtu mmoja, na mwananchi akaulizwa Ndiyo au Hapana.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana kuna jambo ambalo vitabu vya uraia hulipita haraka. Katika utaratibu wa chama kimoja, uteuzi ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Siku ya kura ilikuwa siku ya kuthibitisha. Kwa kuwa Mwalimu aliteuliwa mwaka 1965, 1970, 1975 na 1980, watu wengi hawakuona haja ya kuuliza uteuzi hufanywaje, kama vile mtu asivyouliza paa limeezekwaje mpaka mvua ivuje. Na wananchi wa Ziwa Magharibi walikuwa na sababu ya pekee ya kumshikilia. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa Mto Kagera na daraja la Kyaka likabomolewa. Ni Mwalimu aliyetangaza kwamba tutapigana, na vita hiyo ndiyo iliyouachia mkoa jina lake la sasa.

Swali lilizuka mwaka 1985, Mwalimu alipoamua kung'atuka. Kwa mara ya kwanza watu walisikia majina matatu yakitajwa kwa pamoja: Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar, Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Waziri Mkuu, na Rashidi Kawawa, Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi. Majina hayo yalijadiliwa katika Halmashauri Kuu ya Taifa, na mwezi Agosti Mkutano Mkuu ukalipokea jina moja, la Mwinyi. Redio ilitangaza jina, haikutangaza mabishano. Lakini mwananchi hakuhitaji kutangaziwa mabishano ili ajue kuwa yalikuwapo. Majina matatu yaliingia na moja likatoka, na hesabu hiyo hata mtoto anaiweza. Tangu mwaka huo watu wa huku walijua kwamba ndani ya chama kimoja mna watu wanaoshindana, na mtu akishajua hivyo haachi tena kuuliza.

Miaka kumi baadaye ushindani ulitoka nje ya pazia. Mwezi Julai 1995 Mkutano Mkuu wa CCM uliokutana Dodoma ulipiga kura juu ya majina matatu: Jakaya Kikwete, Waziri wa Fedha, Benjamin Mkapa, Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, na Cleopa Msuya, Waziri Mkuu. Katika duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa akapata 459 na Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, wawili wa kwanza walirudiwa, na Mkapa akashinda kwa kura 686 dhidi ya 639. Tofauti ilikuwa kura 47. Tunawashauri walimu waiandike hesabu hii ubaoni, kwani ina mafunzo ambayo maneno mengi hayawezi kuyatoa: aliyekuwa wa kwanza alikuwa wa pili, na walioamua ni wale ambao mtu wao alikuwa amekwisha toka.

Wakati huo Karagwe ilikuwa katika hali isiyo ya kawaida. Kufuatia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walikuwa wamevuka mpaka na kuingia Kagera. Wengi walikuwa Ngara, na Karagwe nayo ilikuwa na makambi yake. Misitu ilikatwa kwa kuni na njia ziliharibiwa na malori ya misaada, ingawa pia ndizi na maharage vilipata soko ambalo halikuwahi kuwapo. Wakimbizi hao walirudishwa kwao mwezi Desemba 1996. Mtu aliyekaa Dar es Salaam mwaka 1995 aliweza kuuliza nani kati ya wagombea ni msomi zaidi au kijana zaidi. Kwa mwenye shamba lililopakana na kambi, swali la kwanza lilikuwa nani atalishughulikia jambo la mpaka. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mjadala wa kitaifa ni mmoja tu, nao hufanyika mjini, na kijijini hufika mwangwi wake. Kijiji cha mpakani kina maswali yake kwa Rais, na huenda yakawa mazito kuliko ya mjini.

Inatubidi tuseme neno juu ya sheria, tena kwa ufupi. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, sharti la mgombea kudhaminiwa na chama halikuondolewa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994 na tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliyoko Arusha ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kinyume cha Mkataba wa Afrika. Sharti likabaki. Matokeo yake kwa mpiga kura ni mepesi kuyaeleza: yule ambaye vyama havikumteua hamwoni katika karatasi ya kura, hata kama kijiji kizima kinamtaka. Ndiyo maana uteuzi si jambo la wanachama peke yao, ingawa ni wanachama peke yao, tena wachache kati yao, waufanyao.

Uteuzi wa mwaka 2005 tutaupita haraka. Walijitokeza watu kumi na mmoja, wakabaki Kikwete, Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya, na mwezi Mei Kikwete akashinda katika duru ya kwanza kwa kura 1,072 dhidi ya 476 za Salim na 122 za Mwandosya. Aliyeshindwa kwa kura 47 alikuwa amengoja miaka kumi. Jambo hilo liliwafundisha watu subira, na likawafundisha wanasiasa kuanza kampeni mapema, jambo ambalo matunda yake yalionekana mwaka 2015.

Mwaka 2015 ndio uliozungumzwa kuliko yote. Wanachama 42 walichukua fomu za kuomba kuteuliwa na CCM, na 38 wakazirudisha. Kila mmoja alilipa shilingi milioni moja, na alitakiwa kutafuta wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu kati yake iwe ya Zanzibar. Sharti hili la wadhamini, ambalo wengi waliliona kuwa la karatasi tu, ndilo lililowafanya waombaji wazunguke nchi na kuonekana katika mikoa ambayo vinginevyo wasingeikanyaga kabla ya kampeni. Wingi wa waombaji ulileta mzaha. Katika mazungumzo ya huku Kagera, kama kwingineko, watu walichekelea kwamba urais umekuwa kama gulio, kila mwenye mkungu wake anauleta. Mzaha huo ulificha wasiwasi wa kweli, kwani mtu akiona bidhaa nyingi mno sokoni huanza kushuku zote.

Ilitokea pia kwamba mmoja wa waombaji alikuwa jirani. John Pombe Magufuli alizaliwa Chato, kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, na aliingia bungeni mwaka 1995 kwa Jimbo la Biharamulo Mashariki, wakati huo likiwa ndani ya Mkoa wa Kagera. Chato ilitengwa na Biharamulo ikawa wilaya, na mwaka 2012 ikahamishiwa katika Mkoa mpya wa Geita. Hivyo mwaka uleule ambao Kyerwa ilizaliwa kutoka Karagwe, Chato iliondoka Kagera. Swali likawa: huyu ni wetu au si wetu? Jambo kama hili halina uzito katika Katiba, ila katika mazungumzo lina uzito mkubwa, na mwandishi wa historia asiione haya kuliandika. Wenye kulishikilia waliona kwamba Rais aliyekulia kanda ya ziwa hatahitaji kuelezwa mnyauko wa migomba ni nini. Wenye kulikataa walijibu kwamba jirani akipata cheo huona haya kukupendelea, akakupa pungufu ya mgeni.

Hoja nzito zaidi ilikuwa ya barabara. Magufuli alikuwa Waziri wa Ujenzi, na ujenzi wa barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene, kilomita 59.1, uliendelea katika miaka yake. Aliyewahi kusafiri na mgonjwa kutoka Karagwe kwenda Bukoba wakati wa masika, gari likisukumwa kwenye tope, hahitaji kufafanuliwa maana ya kilomita hizo. Basi hapa wananchi walikuwa na kipimo wanachoweza kukikanyaga. Lakini Kyerwa walikuwa na kipimo chao: lami ilikuwa haijawafikia, na barabara ya kwenda Murongo mpakani ilikuwa bado ya vumbi. Kwa hiyo barabara moja ilitoa hoja mbili. Kwa mtu wa Bugene ilikuwa ushahidi wa kazi iliyofanyika, na kwa mtu wa Murongo ilikuwa ushahidi wa kazi iliyokomea kwa jirani. Wote wawili walisema kweli.

Iko pia kahawa. Tangu mwaka 1990 wilaya hizi zina chama chao kikuu cha ushirika, KDCU. Mkulima hukusanya kahawa yake, akapokea malipo ya kwanza, akangoja ya pili, ambayo mara nyingine hukawia. Ng'ambo ya mto mnunuzi wa Uganda hulipa papo hapo, na bei yake aghalabu imekuwa ya juu. Lakini kumpelekea ni magendo, na magendo ni kosa. Mwenye shida hafiki hata huko: huuza kahawa ikiwa bado ua juu ya mti, kwa bei ya kutupa, jambo liitwalo butura. Karibu kila mgombea wa kila chama aliyewahi kupita mkoa huu ameahidi kuishughulikia kahawa. Wakulima walikwisha zizoea ahadi hizo kiasi kwamba mwaka 2015, kwa maoni yetu, kahawa haikumtofautisha mwombaji na mwombaji. Ilitumika kupima jambo jingine: nani anaahidi kwa kujua, na nani ameambiwa tu asubuhi ile kwamba hapa hulimwa kahawa.

Na juu ya yote hayo lilikuwapo jambo la uraia. Mwezi Septemba 2013 ilianza Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Katika wilaya ambayo ndugu wa baba mmoja wako kila upande wa mto, operesheni ya namna hiyo hugusa nyumba nyingi ambazo hazina kosa. Mwaka 2015 wapiga kura waliandikishwa upya kwa alama za vidole. Kwa mtu wa Dodoma kadi ile ilikuwa ruhusa ya kupiga kura. Kwa mtu wa Kyerwa ilikuwa pia karatasi ya kumwonyesha askari. Mtu wa namna hiyo anapojadili nani ateuliwe kuwa mgombea urais hajadili kwa kujifurahisha. Anaulizia usalama wa kulala kwake.

Basi Julai ikafika. Tarehe 10 na 11 vikao vilikaa Dodoma. Kamati Kuu ilikata majina 38 hadi kufikia matano: Bernard Membe, January Makamba, Amina Salum Ali, Asha-Rose Migiro na Magufuli. Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu hadi mwaka 2008 na aliyekuwa na wafuasi wengi kupita wote miongoni mwa waombaji, hakuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu walijitokeza mbele ya waandishi wakajitenga na uamuzi huo, na wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba nyimbo za kumuunga mkono yule aliyekatwa, mbele ya Mwenyekiti. Hata hivyo Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Mkutano Mkuu ukapiga kura: Magufuli 2,104, Amina Salum Ali 253 na Migiro 59. Matokeo yalitangazwa tarehe 12 Julai.

Kura hizo 2,104 zilikuwa asilimia 87, nazo zinaonekana kama umoja usio na ufa. Lakini kazi kubwa ilikuwa imefanyika kabla, katika chumba cha watu wachache, na sababu za kila aliyekatwa hazikusomwa kwa wananchi. Hapa ndipo mazungumzo ya Karagwe na Kyerwa yalipopata jambo lake. Ubishi wa nani bora ulikuwa umekwisha. Ukazuka ubishi juu ya namna. Je, ni haki kumkata mtu bila kumwambia mdhamini wake kwa nini? Wale waliotia sahihi fomu za waombaji walikuwa wanachama wa kawaida, waliopanga foleni na kadi zao mkononi, na wengi wao walihisi kwamba sahihi zao zimekatwa pamoja na majina. Wengine wakajibu, tena kwa hoja, kwamba chama ni kama nyumba, na mwenye nyumba ana haki ya kumkataa mchumba hata kama binti anamtaka. Sisi tunaiona hoja ya pili kuwa na nguvu katika mambo ya nyumba, na kupungua nguvu pale ambapo mchumba huyo ataozwa nchi nzima.

Vyama vingine navyo havina la kujivunia hapa. Lowassa alihamia Chadema tarehe 28 Julai, na kabla ya wiki mbili za Agosti kwisha alikuwa mgombea wa umoja wa UKAWA. Wanachama waliokuwa wamekijenga chama hicho huku vijijini kwa miaka mingi, wakitembea kwa miguu toka kata hadi kata, walisikia jina la mgombea wao kama tulivyolisikia sisi sote, yaani kwa redio. Katika uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 58.46, Lowassa akapata 39.97.

Ujirani ulipata jaribio lake mapema. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga Mkoa wa Kagera, watu wakafa na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupata nyufa. Michango ilikusanywa, na Serikali ikaamua itumike zaidi kukarabati shule, zahanati na majengo mengine ya umma kuliko nyumba za watu. Uamuzi huo una hoja zake, na walioupinga walikuwa na zao. Lakini wale waliokuwa wamesema mwaka 2015 kwamba jirani mwenye cheo huona haya kukupendelea walikumbusha maneno yao, tena si kwa sauti ya chini.

Mwaka 2020 Magufuli aliteuliwa tena mwezi Julai akiwa jina pekee. Alifariki tarehe 17 Machi 2021, na Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wake, akaapishwa kwa mujibu wa Katiba. Hivyo mwanamke wa kwanza kuwa Rais wa nchi hii alikishika kiti hicho bila uteuzi wa namna tuliyoieleza. Tarehe 19 Januari 2025 Mkutano Mkuu maalumu wa CCM uliokuwa Dodoma ulipitisha jina lake kuwa mgombea wa uchaguzi wa mwaka huo. Fomu hazikushindaniwa, wadhamini hawakutafutwa kwa ajili ya waombaji wengi, na kura za duru mbili hazikuwapo.

Msomaji aangalie kalenda. Uteuzi wa 1985 ulikuwa Agosti, wa 1995 Julai, wa 2005 Mei, wa 2015 Julai. Yote ilikuwa miezi ya mavuno ya kahawa, wakati kila ua wa nyumba katika Karagwe na Kyerwa una kahawa iliyoanikwa, na lazima awepo mtu wa kuigeuza na kuilinda na mvua. Mtu huyo hukaa kivulini na redio, jirani akipita husimama, na wa pili akipita hukaa. Uteuzi wa Januari 2025 ulitangazwa mavuno yakiwa yamekwisha zamani. Majamvi yalikuwa yamekunjwa na kuwekwa darini.